Abiria wa Meli ya Matanga: Ya Kujua Kabla Hujalipa Nauli

Agosti 2024 meli ya mizigo iitwayo Anemos ilitoka bandari ya Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa, ikashika njia ya New York. Ina urefu wa mita 81, inabeba zaidi ya tani 1,000 za shehena, na kinachoivusha Atlantiki ni upepo. Injini za dizeli imewekewa, ila kazi yake ni kuiingiza na kuitoa bandarini na kuisogeza upepo unapokufa. Kampuni inayoimiliki, TOWT, iliyoanzishwa mwaka 2011, inasema kusafirisha mzigo kwa njia hii kunapunguza hewa ya ukaa kwa zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na meli ya kawaida ya makontena. Haukupita muda pacha wake, Artemis, naye akaingia kazini. Kisha Oktoba 2025 kampuni nyingine ya Ufaransa, Neoline, ikazindua safari za Neoliner Origin, meli ya mita 136 yenye milingoti miwili inayoweza kulazwa, na tumbo ambalo magari na mitambo huingizwa humo kwa magurudumu yake yenyewe. Hii hutoka Saint-Nazaire, hupita visiwa vya Saint-Pierre-et-Miquelon, na huhudumia Baltimore na Halifax.

Meli hizi huchukua abiria wa kulipa nauli, na si lazima uwe baharia. Msomaji wetu anayeishi Paris, Brussels au London anaweza kabisa kuvuka nazo, na hata anayeanzia safari yake Dar es Salaam au Nairobi. Lakini maandalizi yake hayafanani na ya ndege wala ya meli ya utalii, na mtu akikosea hukosea mapema, akiwa bado yuko nchi kavu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya makala hii inahusu karatasi na afya, ingawa najua wengi wangependa kusikia habari za matanga.

Jambo moja likikukaa kichwani, mengine yote yatajipanga: katika meli hii shehena ni ya kwanza, upepo ni wa pili, abiria ni wa tatu. Meli inakwenda kwa sababu kuna mvinyo, kahawa au mashine za kupeleka. Njia inachaguliwa kwa hali ya hewa. Wewe umepewa chumba kilichobaki. Ukilikubali hilo kwa moyo mweupe, safari itakuwa njema.

Kwanza idadi. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kama SOLAS, unaihesabu meli yoyote yenye abiria zaidi ya 12 kuwa meli ya abiria, na masharti yake hapo ni mengine kabisa: mashua za kuokolea, kuta za kuzuia moto, mpangilio wa milango, kila kitu. Meli ya mizigo isiyotaka mzigo huo wa gharama husimama kwenye 12. Kwa hiyo nafasi huwa chache na huwahiwa. Kwa hiyo pia usitegemee mtu wa kukuburudisha, duka, wala mhudumu wa kukutandikia kitanda. Mabaharia nao ni wachache na kila mmoja ana zamu yake.

Sasa upepo. Kutoka Le Havre hadi New York ni zaidi ya maili 3,000 za baharini, karibu kilomita 6,000. Meli ikishika mwendo wa maili 10 za baharini kwa saa, yaani kama kilomita 18 na nusu, bila kusimama wala kupinda, ingefika kwa siku 13 hivi. Lakini chombo cha matanga hakiendi mstari ulionyooka. Katika Atlantiki ya kaskazini pepo kuu huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo anayekwenda Marekani huzikabili usoni. Nahodha hulazimika kupiga bisha, yaani kwenda kimshazari huku na huku, au kushuka kusini akatafute pepo za kumsukuma. Anayerudi Ulaya hubebwa nazo. Wazee wetu wa pwani waliijua hesabu hiyo: kaskazi ilileta majahazi kutoka Omani na Ghuba, kusi ikayarudisha, na aliyeikosa kusi alikaa hadi msimu mwingine. Meli za leo hupata utabiri wa hali ya hewa kwa setilaiti na kompyuta hukokotoa njia, hivyo kusubiri miezi kumekwisha. Kusubiri siku bado kupo. Weka akilini wiki mbili hadi tatu kwa kuvuka, na siku kadhaa za ziada kabla ya kuondoka, kwa sababu upakiaji nao huchelewa.

Vyombo hivi bado ni vipya na vinajifunza kazi. Neoliner Origin katika safari yake ya kwanza iliharibikiwa tanga moja baharini. Ikaendelea na ikafika Baltimore. Sioni aibu yoyote hapo, maana chombo kipya ndivyo kinavyojulikana udhaifu wake. Ila abiria aliyekuwa ameahidi kuwa harusini Jumamosi fulani angekuwa matatani. Usiunganishe safari hii na tarehe isiyosogea: harusi, mtihani, siku ya kuripoti kazini, wala ndege isiyobadilishika.

Karatasi

Hapa ndipo penye kazi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen ili aifikie bandari ya Ufaransa, hata kama atakaa usiku mmoja tu kabla ya kupanda. Anayeishi Uingereza kwa kibali cha nchi hiyo anahitaji hiyohiyo, kwa sababu kibali cha Uingereza hakimwingizi Ufaransa. Mwenye kibali cha ukaaji cha nchi ya Schengen hana haja nayo.

Upande wa pili, Marekani inataka viza ya mgeni wa kawaida, ile ya B1/B2. Usikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa unapanda meli ya mizigo utaingia kwa viza ya mabaharia. Ile ni ya wafanyakazi wa chombo, nawe huna mkataba wa kazi. Ndugu zetu waliokwisha kupata uraia wa nchi za Ulaya nao wasijiamini mno. Ile ruhusa ya mtandaoni iitwayo ESTA hufanya kazi kwa wanaowasili na kampuni za usafiri zilizotia saini makubaliano na serikali ya Marekani, na meli ndogo za mizigo mara nyingi hazimo. Iulizeni kampuni kwa maandishi. Ikiwa haimo, hata mwenye pasipoti ya Ufaransa lazima aende ubalozini kuomba viza. Masharti ya Marekani kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika yamekuwa yakibadilika kwa kasi, kwa hiyo majibu ya jirani aliyesafiri mwaka juzi hayatoshi.

Kama meli itapita Halifax, uliza pia kuhusu viza ya Kanada, hata kama huna nia ya kushuka. Na Saint-Pierre-et-Miquelon ni ardhi ya Ufaransa lakini iko nje ya eneo la Schengen. Ukifika huko umekwisha kutoka. Anayepanga kurudi kwa meli ahakikishe viza yake ya Schengen ni ya kuingia zaidi ya mara moja, na muda wake umeacha nafasi ya kuchelewa. Viza inayokwisha siku ileile meli inapotarajiwa kutia nanga ni viza iliyokwisha.

Afisa wa uhamiaji huja chomboni au hukuita ofisini bandarini. Atataka kujua utaondokaje nchini kwake. Uwe na tiketi ya kurudi inayoweza kusogezwa tarehe, uthibitisho wa fedha, na anwani ya utakapolala. Abiria wa ndege huhojiwa akiwa mmoja wa mamia; nyinyi mtakuwa kumi na wawili au pungufu, na wakati wa kuwauliza upo wa kutosha. Jibu kwa ukweli na kwa ufupi.

Bandari nazo zina ulinzi mkali. Tangu Julai 2004 kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari zinataka kila anayeingia gatini ajulikane. Jina lako lisipokuwa kwenye orodha ya mlangoni, lililoandikwa sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti, utarudishwa. Usiwaalike shemeji na watoto waje kukusindikiza hadi kwenye ngazi, waage hotelini.

Na penye jambo jipya matapeli hawakosekani. Meli kubwa ya mizigo inayovuka bahari ina namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) yenye tarakimu saba, isiyobadilika hata meli ibadilishwe jina au bendera. Iombe namba hiyo, itafute kwenye tovuti za kufuatilia meli, uone kama chombo kipo na kiko wapi. Lipa kwa kampuni yenyewe, kwa akaunti yenye jina la kampuni. Anayekuuzia nafasi kwa ujumbe wa simu na kutaka pesa itumwe kwa mtu binafsi, achana naye. Kabla hujaweka sahihi, soma kipengele cha kufutwa kwa safari: biashara hii ni changa, kampuni nyingine ni ndogo, na ni haki yako kujua utarudishiwa nini ikiwa meli haitaondoka.

Afya

Sheria ya kimataifa ya kazi za mabaharia inataka meli iwe na daktari pale tu inapobeba watu 100 au zaidi katika safari ya zaidi ya siku tatu. Meli yako haikaribii idadi hiyo. Hakuna daktari. Yupo afisa aliyefunzwa huduma ya kwanza na zaidi kidogo, kabati la dawa, na simu ya setilaiti. Meli za Ufaransa hupata ushauri wa madaktari walioko Toulouse saa yoyote, usiku na mchana. Lakini daktari wa kwenye simu hawezi kukupasua kidole tumbo, na helikopta za uokoaji haziwezi kwenda zaidi ya kilomita mia kadhaa kutoka nchi kavu. Katikati ya Atlantiki hakuna wa kukufuata kwa siku kadhaa, ila labda meli nyingine iliyo karibu.

Kwa hiyo pima afya kabla. Kampuni zitadai cheti cha daktari, na baadhi huweka ukomo wa umri na hukataa wajawazito. Wasilaumiwe. Nenda kwa daktari wa meno pia, maana jino linalouma kidogo nyumbani huwa balaa baharini. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au pumu achukue dawa za mara mbili ya siku anazotegemea kusafiri, zikiwa kwenye vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari. Mwenye seli mundu afikirie mara mbili. Kutapika kwa siku mbili hukausha maji mwilini, na baridi ya Atlantiki ya kaskazini ipo hata Julai. Hayo mawili ndiyo yanayoamsha maumivu.

Kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya hailitaji, nami nalitilia mkazo kwa sababu wasomaji wetu ndio linaowahusu. Malaria huweza kukaa mwilini wiki moja hadi nne, na wakati mwingine zaidi, kabla homa haijaanza. Mtu anaondoka Mwanza au Mombasa akiwa mzima, anapanda meli Le Havre siku tano baadaye, homa inampata akiwa mbali na kila hospitali, mbele ya mabaharia ambao huenda hawajawahi kumuona mgonjwa wa malaria maishani mwao. Watadhani ni mafua au kulevywa na bahari. Siku ya kwanza tu mwambie afisa anayeshughulikia afya kwamba umetoka eneo la malaria, na tarehe uliyotoka. Zungumza na daktari wako kuhusu kubeba vipimo vya haraka na dozi ya dawa mseto. Kufanya hivyo si woga.

Chanjo ya homa ya manjano nayo iangalie kama meli inaelekea Amerika Kusini, ambako baadhi ya nchi huidai kwa wanaotoka Afrika. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na sasa hudumu maisha yote. Bima iwe inayotaja waziwazi safari ya meli ya mizigo na gharama za kukuhamisha kwa matibabu. Bima nyingi za utalii hazigusi kabisa chombo kisicho cha abiria.

Kulevywa na bahari kutakupata, au tuseme karibu kila mtu humpata siku za mwanzo. Kwa wengi huisha baada ya siku mbili tatu. Dawa ya kuzuia kichefuchefu inywe kabla ya kuondoka bandarini, kwa ushauri wa mfamasia, kwa sababu ukishaanza kutapika haikai tumboni. Kula kidogokidogo vitu vikavu, tafuna tangawizi, kaa katikati ya meli ambako mtikisiko ni mdogo, tazama upeo wa macho na simu iweke mbali. Usijifungie chumbani. Asiyeweza kubakiza hata maji kwa siku nzima amwambie afisa bila kuona haya.

Ndani ya chombo

Meli ya injini huyumba huku na huku. Ya matanga hulala upande mmoja na inaweza kubaki hivyo siku nzima, kisha nahodha akigeuza, ikalalia upande wa pili. Hili ndilo linalowashangaza wageni zaidi. Kila kilichowekwa juu ya meza huteleza. Wapishi wa meli hutandika kitambaa kilicholowa maji chini ya sahani ili zishike, na kikombe hakijazwi zaidi ya nusu. Kitanda kina ubao au turubai pembeni la kukuzuia usidondoke. Lifunge kila usiku, hata bahari ikiwa shwari ulipopanda kulala. Unapotembea, mkono mmoja usiwe na kitu, ushike nondo iliyo ukutani. Kuoga, kaa chini. Mifupa mingi huvunjika kwa mambo madogo kama hayo kuliko kwa dhoruba.

Kwenye meli kama Anemos matanga hayapandishwi kwa mabega ya watu na nyimbo. Ni mitambo inayovuta kamba, baharia anabonyeza kitufe huku jicho likiwa juu. Kamba yenyewe ikikazwa huwa na nguvu ya kukata mkono, kwa hiyo abiria hukaa mahali alipoambiwa akae. Mtafanya zoezi la dharura mara tu mnapoondoka: koti la kuokolea, vazi la kuzuia baridi ya maji, mahali pa kukusanyika. Lifanye kwa makini, uliza, rudia kuvaa. Usiku usitoke sitahani peke yako bila ruhusa. Aliyeanguka majini gizani, meli ikiwa kwenye matanga, nafasi yake ya kuonekana tena ni ndogo sana.

Msomaji Mwislamu ataarifu mapema kuhusu chakula, wiki kadhaa kabla, kwa sababu nyama yote hupakiwa bandarini. Samaki, mayai, wali na mboga kwa kawaida vipo, na mvinyo mezani kwa Wafaransa ni jambo la kila siku. Upande wa kibla ndani ya chombo hubadilika kila meli inapogeuza, hivyo uutafute upya kila mara. Ruhusa za msafiri katika sala zinajulikana, na aliye na shaka amuulize shehe wake kabla ya kuondoka. Saa nazo husogezwa. Kati ya Ufaransa na New York kuna tofauti ya saa sita, kwa hiyo unapokwenda magharibi utakuwa na siku kadhaa zenye saa 25.

Beba mkoba laini unaokunjika, si sanduku gumu, maana vyumba ni vidogo. Koti lisilopitisha maji, kofia ya sufu, viatu visivyoteleza, vitabu. Mtandao wa setilaiti huenda ukawepo, ila waage watu wako kana kwamba haupo, wasije wakapata wasiwasi kwa kimya cha siku tatu.

Anayetaka kufanya kazi badala ya kutazama ana njia nyingine. Tres Hombres, ya kampuni ya Uholanzi ya Fairtransport, ni chombo cha mita 32 kisicho na injini kabisa, na tangu mwaka 2009 kimekuwa kikibeba ramu, kakao na kahawa kati ya Karibiani na Ulaya. Anayepanda huko hulipa ili ajifunze: zamu za usiku, kupanda mlingotini, kusugua sitaha, kubeba mapipa. Ni ngumu, na ni kwa mwenye mwili imara.

Kuna atakayeuliza kwa nini asipande tu jahazi la mizigo hapa pwani. Majahazi yetu ni urithi mkubwa, lakini chombo cha mizigo kisicho na kibali cha abiria, makoti ya kuokolea wala redio si mahali pa kujaribia. Wengi wamepotea hivyo, nasi tumewazika wachache tuliowapata.

Kuhusu mazingira niseme ninavyoamini. Meli za biashara duniani hutoa karibu asilimia 3 ya gesi zinazopasha joto dunia, na mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Bahari lilikubaliana kuzifikisha gesi hizo sifuri halisi kufikia mwaka 2050 au karibu na hapo. Chombo cha upepo ni sehemu ya kazi hiyo, na nauli ya abiria husaidia kampuni changa kusimama. Uzito wako kwenye meli yenye tani elfu ya shehena hauongezi kitu cha maana. Lakini ukivuka kwa matanga na kurudi kwa ndege, umeokoa nusu tu, na nauli ya meli ni ghali kuliko tiketi ya kawaida ya ndege. Asiye na likizo ndefu wala akiba ya kuchelewa asijione mkosaji kwa kutopanda. Mwenye muda, afya na subira, mstaafu, mwanafunzi anayehamia masomoni miezi miwili kabla ya muhula, mwandishi, huyo namshauri apande.

Aanze na balozi. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisipungue siku 15, na miadi ya ubalozi wa Marekani huweza kuchukua miezi. Iombe kampuni barua ya kukuwekea nafasi, uiambatishe kwenye maombi, na ulipe tu kiasi kinachorudishwa. Nauli iliyobaki usiitoe mpaka pasipoti imerudi mkononi mwako ikiwa na viza zote.